Orodha ya Nyimbo na Diwani: Hali ya Mshairi wa Taarab Katika Mikusanyo ya Mtandaoni

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kuanzia kwenye kitabu. Hata pale mhakiki anapokiri kwamba shairi la Kiswahili ni la kuimbwa, bado hulishika likiwa limekwisha pigwa chapa, lina jina la mtunzi juu yake na nambari ya ukurasa chini yake. Lakini mpenzi wa taarab wa leo, awe Mombasa, Muscat au Toronto, aghalabu halipati shairi kwa njia hiyo. Hulipata kwenye simu, likiwa la saba au la thelathini katika orodha ya nyimbo ambayo mtu asiyemjua ameikusanya, akaipa jina, akaipanga na kuitandaza mtandaoni ili kila atakaye aisikilize na kumpelekea mwenziwe. Kwa vijana wengi orodha hizo ndizo mlango wa kuingilia katika ushairi wa pwani. Jambo la kushangaza ni kwamba wataalamu wa lugha wamezipita kama kwamba ni vyombo vya muziki tu, visivyowahusu.

Makala haya yanaichukua orodha ya nyimbo kuwa ni mkusanyo wa mashairi, yaani ndugu wa diwani, na kuihukumu kwa sheria za diwani. Hukumu yenyewe si ya upole. Orodha nyingi za taarab zimemhifadhi mwimbaji na kumzika mshairi. Zimehifadhi wimbo mmoja mmoja na kuyavunja majibizano ambayo ndiyo yaliyouzaa wimbo huo.

Yafaa kwanza ikumbukwe kuwa taarab haikuanza leo kutiwa katika vyombo vyenye masharti yake. Siti binti Saad na wenzake walipofika Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Shairi ambalo barazani liliweza kuendelea kwa muda autakao mwimbaji lililazimika kukatwa, au kugawiwa pande mbili. Baadaye ilikuja kanda, na kanda ikawa na ukarimu zaidi: dakika 60 au 90, na harusi nzima iliweza kuingia ndani yake, pamoja na vigelegele na kelele za watu. Kisha ikaja sahani ndogo ya kidijitali. Mfululizo wa Zanzibara, ulioanza kutolewa Ufaransa mwaka 2005 chini ya usimamizi wa Werner Graebner, ulifuatana na vijitabu vya maelezo. Mwaka huo huo wa 2005 ndipo YouTube ilipoanzishwa. Spotify ilianza kutoa huduma Ulaya mwaka 2008, nayo ikafunguliwa kwa wasikilizaji wa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021. Kila chombo kati ya hivi kilikuwa na mpangilio wake, na kila kimoja kilitupa kitu na kuokoa kingine. Tofauti ni kwamba watengenezaji wa santuri na kanda walikuwa wachache na waliweza kuulizwa. Leo mpangaji ni yeyote mwenye simu, na mara nyingine mpangaji si mtu kabisa.

Mfano wa kupimia upo karibu, nao ni Muyaka bin Haji. Beti zake zilikusanywa Mombasa na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kwa jina la Diwani ya Muyaka. Kwa kitabu hicho Muyaka aliokolewa, hilo halikanushiki. Lakini msomaji wa diwani hiyo alikutana na beti nyingi zilizosimama peke yake, kama watu walioitwa kutoka chumba kingine asijue walikuwa wakizungumza na nani. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1979, kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz kilipotoka, ndipo beti hizo zikarudishwa mahali pake: vita vya Shela, mzozo wa Mazrui na Busaidi, na hasa yale majibizano ya Muyaka na Zahidi Mngumi wa Lamu. Ubeti ambao katika diwani ulisomeka kama majigambo matupu ukaonekana kuwa ni jibu la tusi lililotoka ng'ambo ya maji. Shairi halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni jirani yake.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Katika mkusanyo wowote, shairi husomwa pamoja na lililo kabla yake na lililo baada yake, na pamoja na jina lililoandikwa juu yake. Anayepanga majirani na kuandika majina ameshiriki katika kutoa maana, apende asipende. Orodha ya nyimbo mtandaoni imeirudisha taarab katika hali ya diwani ya 1940, tena bila ya Mwalimu Sikujua.

Tuchukue, kwa mfano, jina la Juma Bhalo. Mtu akiliandika jina hilo katika simu atapata orodha nyingi, nyingine za saa nyingi mfululizo, na karibu zote zitakuwa za Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa Mombasa aliyefariki mwaka 2014. Sauti ile inajulikana, na mapenzi ya watu kwake ni ya haki. Lakini yupo Juma Bhalo mwingine: Ahmad Nassir Juma Bhalo, jamaa yake, ambaye Malenga wa Mvita yake ilitolewa mwaka 1971 ikihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, na ambaye kabla ya hapo, mwaka 1966, mashairi yake yalikuwa yamekwisha chapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries. Mashairi mengi aliyoyaimba Mohamed Khamis yalitungwa na huyu Ahmad Nassir. Kitabu cha 1971 kina maneno “Diwani ya Ustadh Bhalo” katika anwani yake. Orodha ya mtandaoni nayo imeandikwa “Bhalo”. Na msikilizaji asiyeelezwa hana njia ya kujua kwamba majina hayo mawili yanawataja watu wawili, mmoja wa kalamu na mmoja wa koo.

Madhara ya mchanganyiko huu si madogo kwa wasomi. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya jazanda katika taarab ya Mombasa ananukuu kutoka kwenye simu, anaandika “Bhalo anasema”, na kuanzia hapo hoja yote inapinda. Mtindo wa mshairi mmoja unahesabiwa kuwa ni wa mwimbaji; na kwa kuwa mwimbaji huyo huyo aliimba pia maneno ya watunzi wengine, mitindo ya watu kadhaa inamwagwa katika chungu kimoja na kupewa jina moja. Baada ya hapo msomi anastaajabu kwamba “Bhalo” ana sauti nyingi. Ni kweli anazo nyingi, kwa sababu ni watu wengi. Hakuna mhakiki ambaye angekubali diwani ya aina hiyo ikiwa imepigwa chapa. Angeirudisha kwa mchapishaji siku hiyo hiyo.

Huenda ikajibiwa kwamba hayo ni makosa ya wapangaji wasiojali. Jibu hilo halitoshi, kwa maana mtandao wenyewe umejengwa juu ya tofauti ya kurekodi na kutunga, kisha umeegemea upande mmoja. Biashara ya muziki duniani ina namba mbili za kutambulisha. Ya kwanza, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ni ya rekodi: mtu fulani aliimba, chombo kikanasa. Ya pili, ISWC, ni ya utunzi wenyewe, yaani maneno na muziki kabla hayajaimbwa na yeyote. Orodha hufumwa kwa rekodi. Kinachoonekana mbele ya macho ni anwani ya wimbo na jina la mwimbaji. Mwaka 2018 Spotify ilianza kuonyesha majina ya watunzi, lakini mahali pa kuyaona ni nyuma ya kitufe ambacho msikilizaji lazima akitafute, na kinachoonyeshwa ni kile tu kilicholetwa na mwenye rekodi. Kwa kanda ya harusi iliyorekodiwa Mombasa katika miaka ya 1970, ikauzwa dukani ikiwa na karatasi moja ya rangi, hakuna aliyeleta kitu. Nafasi ya mtunzi ipo, nayo iko wazi kama kiti cha mtu aliyesafiri.

Sheria haikumsahau mtunzi hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, na haki hiyo ni mbali na haki ya malipo. Kwa hiyo kulitaja jina la mshairi wa taarab si hisani anayofanyiwa na wapenzi wa muziki.

Suala la majibizano ni zito zaidi, na ndilo ambalo wahakiki wangepaswa kulishika kwa mikono miwili, kwa sababu taarab kwa sehemu kubwa ni ushairi wa kuambizana. Fumbo la taarab halikamiliki linapoimbwa. Linakamilika linapomfikia aliyekusudiwa, naye akajibu, au akasimama mbele za watu kumtunza mwimbaji ili wote wajue kwamba amelielewa na kwamba halikumpiga yeye bali yule aliyeketi kule. Vilabu vya wanawake vya Unguja vilijengwa juu ya mashindano ya namna hii. Katika miaka ya 1990 jambo hilo lilichukua sura mpya Dar es Salaam: Khadija Kopa akiwa na kundi la TOT na Nasma Khamis akiwa na Muungano, wimbo wa upande mmoja ulisubiriwa na upande wa pili kama barua, na wasikilizaji walijua lipi ni jibu la lipi. Kelly Askew ameyaeleza mashindano hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2002. Lamu nako, mashairi ya Kimwondo ya miaka ya 1970 yalikuwa ni mabishano ya uchaguzi, shairi likimjibu shairi.

Orodha ya nyimbo hufanya nini na haya? Kwa kawaida huwapanga waimbaji, kila mmoja na nyimbo zake: Khadija Kopa huku, Nasma kule. Ni sawa na mhariri ambaye amepewa barua za watu wawili waliokuwa wakigombana, akazichapa za mmoja katika juzuu ya kwanza na za mwenziwe katika juzuu ya pili, bila tarehe. Kila wimbo unabaki mzuri, lakini hasira yake haina mahali pa kutua, na msikilizaji mgeni anaishia kusema kwamba mipasho ni matusi ya ovyo. Kumbe ni mjadala wenye adabu yake, uliokatwa nusu. Wimbo wa Siti uitwao Kijiti nao umepata hasara ya aina hiyo. Unasimulia kuuawa kwa mwanamke na jinsi muuaji alivyotorokea bara. Waliousikia Unguja wakati ule walijua kisa chote, na walisikia ndani yake lawama kwa mahakama. Katika orodha iliyopewa jina kama “za zamani” au “za kutuliza moyo”, wimbo huo unakuwa ni sauti tamu yenye mikwaruzo ya santuri. Ni vigumu kufikiri upotoshaji mkubwa kuliko huo, na umefanywa bila kubadili hata noti moja.

Lipo pia tatizo la kuchanganya. Vyombo hivi vina kitufe cha kuvuruga mpangilio, na mara nyingi mashine yenyewe huongeza nyimbo nyingine baada ya orodha kwisha, kwa kufuata kile kilichosikilizwa na watu wengine. Mwaka 2021 Adele, mwimbaji wa Uingereza, aliiomba Spotify iache kuifanya kuchanganya kuwa ndiyo desturi ya kwanza mtu anapofungua albamu, akidai kwamba nyimbo za albamu zimepangwa ili zisimulie, kampuni ikakubali. Taarab ina hoja ya zamani zaidi ya kudai jambo hilo hilo. Kwa desturi ya Unguja, usiku wa taarab hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu chenye asili ya Kituruki, ambacho huwapa wapigaji nafasi ya kulainisha vidole na watu nafasi ya kukaa. Bashraf ni mlango. Katika orodha zilizochanganywa mlango huo hutokea katikati ya nyumba, baina ya nyimbo mbili za mapenzi, na msikilizaji huuruka kwa kidole kwa kuwa hauna maneno.

Pamoja na yote hayo, ingekuwa ni dhuluma kusema kwamba kupanga orodha si kazi ya sanaa. Swali hilo limefika hata mahakamani. Mwaka 2013 kampuni ya Ministry of Sound ya London iliishtaki Spotify, ikidai kwamba watumiaji walikuwa wakizinakili orodha za nyimbo za albamu zake za mkusanyo. Nyimbo zenyewe Spotify ilikuwa na idhini ya kuzitoa. Kilichodaiwa ni ule uteuzi na ule mfuatano. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 2014, hivyo mahakama haikupata kuamua. Lakini dai lenyewe linastahili kupokelewa kwa heshima na watu wa fasihi, ambao wanajua kwamba Chiraghdin hakutunga hata ubeti mmoja wa Malenga wa Mvita, na bado kitabu kisingalikuwa vile bila mkono wake.

Tena Waswahili wana sababu ya pekee ya kuuelewa usanii huu. Mwanamke anayempelekea mwenziwe kanga hakutunga msemo ulioandikwa pindoni; ameuchagua tu. Lakini uchaguzi huo ni usemi kamili, na aliyepelekewa hamjibu mwenye kiwanda bali humjibu aliyempelekea, pengine kwa kanga nyingine. Vipindi vya salamu vya Sauti ya Kenya vilifanya kazi ya namna hiyo kwa redio: msikilizaji alituma kadi yenye majina ya jamaa na marafiki, na wimbo uliofuata ukawa ni wake kwa dakika chache, ingawa si yeye aliyeutunga wala kuuimba. Kijana anayempelekea mchumba wake orodha ya nyimbo sita za taarab, akazipanga hivi kwamba anwani zake zikisomwa kutoka juu kwenda chini zinatoa ombi, lawama na msamaha, amefanya jambo ambalo Muyaka angelitambua mara moja. Ametunga kwa maneno ya wengine. Orodha ya namna hiyo ina msemaji na msemeshwa, na mpangilio wake hauwezi kuchanganywa bila kuharibika. Kwa hakika hizi ndogo, zinazopelekwa kwa mtu mmoja, mara nyingi ni bora kifasihi kuliko zile kubwa za nyimbo mia mbili zinazojidai kuikusanya taarab yote. (Neno lenyewe “orodha” ni neno la bohari: huorodheshwa bidhaa. Huenda zile kubwa zinalistahili zaidi.)

Wala isisahauliwe nani ameifanya kazi ya kuziokoa nyimbo. Si vyuo vikuu. Sehemu kubwa ya taarab ya Mombasa inayosikika leo mtandaoni ilitoka katika kanda za majumbani, zilizohamishwa moja moja na watu wasiolipwa, baadhi yao wakiishi Ghuba na Ulaya, ambao waliichukua kanda ya harusi ya dada yao pamoja na nguo walipohama. Baadhi yao wameandika chini ya wimbo jina la mtunzi, mji, mwaka, na hata aliyeolewa usiku huo. Maelezo ya mistari mitatu ya mtu kama huyo yana thamani ya kitaaluma kuliko utangulizi wa kurasa kumi ulioandikwa na mtu asiyejua wimbo ulimjibu nani. Tatizo ni kwamba mpangaji wa pili anapouchukua wimbo huo na kuutia katika orodha yake, ile mistari mitatu haisafiri nao. Hubaki nyuma, na kinachopita ni sauti na jina la mwimbaji.

Ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa wapenzi peke yao wala kampuni. Idara ya lugha inayofundisha ushairi ina uwezo wa kutoa orodha zake, kama ilivyokuwa ikitoa matini za tenzi: kila wimbo ukitanguliwa na jina la mshairi, kisha la mwimbaji, kisha tukio, na wimbo ulioujibu ukifuata papo hapo hata kama ni wa mwimbaji mwingine na wa kundi hasimu. Pale ambapo wimbo wa santuri ulikatwa pande mbili, pande hizo zikae pamoja. Pale ambapo maneno yamo katika diwani iliyochapishwa, ukurasa utajwe, ili mwanafunzi aone mwimbaji aliuacha ubeti upi na aliurudia upi, maana huko nako kuna uhakiki ambao bado haujaandikwa. Kwa Ahmad Nassir na Mohamed Khamis peke yao, kulinganisha shairi la kitabuni na shairi la kanda kungetosha kumpa mtahiniwa wa shahada ya uzamili kazi ya miaka miwili.

Kazi hiyo ina haraka kuliko inavyodhaniwa. Ukanda wa sumaku haupatani na joto na unyevu wa pwani. Hunata, na ukinata hukatika. Na kwa nyimbo nyingi za harusi jina la mtunzi halikuandikwa popote, si kwenye kanda wala kwenye karatasi yake. Limo vichwani mwa waliokuwapo: mpiga fidla wa zamani, bibi aliyetunza usiku ule, na jirani aliyejua kwamba fumbo lile lilikuwa ni la nyumba ya pili.